Shemeji Ana Vibali?

Najua niliwaahidi kwamba mwezi huu tutaongelea wachumba wanaopiga danadana kujitambulisha nyumbani. Naomba mnisamehe, mada hiyo itasubiri kidogo. Nyumbani kwetu Wazo kumetokea jambo, na nikinyamaza nalo nitapasuka.

Kwa wasiopajua Wazo: unatoka mjini kwa barabara ya Bagamoyo, unapita Mwenge, unapita Mbezi Beach, ukikaribia Tegeta unaona kilima kimechimbwa ubavuni. Ndo hapo. Kiwanda cha saruji kilianza kazi pale mwaka 1966, na marehemu baba yangu alikuja kuajiriwa hapo akitokea Songea. Tumekulia kwenye lile vumbi, na malori ya saruji ndo saa yetu ya ukutani.

Sasa basi, Jumamosi moja mwezi uliopita, washenga waliingia nyumbani na barua ya posa. Anayeposwa ni mdogo wangu wa mwisho, kitinda mimba wetu. Sebule imefagiliwa, vitambaa vya makochi vimefuliwa, mama amekaanga sambusa tangu alfajiri. Bibi harusi mtarajiwa kafichwa chumbani kama desturi inavyotaka, sikio mlangoni. Mwenyekiti wa kikao ni mjomba, kaka yake mama, mzee wa heshima zake na miwani yake ya kusomea.

Mjomba akasoma barua, akaikunja vizuri, akauliza kwa upole kabisa, "Kijana wenu ni mwenyeji wa wapi?"

Mshenga akajibu, "Mpanda, mzee wetu. Katumba."

Sebule ikapoa. Mjomba akavua miwani. "Katumba? Si kule kwa wakimbizi wa Burundi?"

"Wazazi wake ndiyo walitokea huko, mzee. Yeye kazaliwa Katumba."

Mjomba akatutazama sote, akarudi kwa mshenga. "Sasa shemeji yao huyu... ana vibali?"

Msomaji wangu, nilikuwa nimeshika jagi la juisi. Mimi ni dada mkubwa, kila mtu nyumbani anajua mdomo wangu ulivyo, na ninyi mnausoma hapa kila mwezi. Siku hiyo nilifanya nini? Niliendelea kumimina juisi. Kikao kikaahirishwa, barua ikabaki mezani bila jibu, washenga wakaondoka na sambusa zao kwenye mfuko.

Usiku nikaingia chumbani kwa mdogo wangu. Macho yamemvimba. Hakulia kuhusu mjomba. Aliniambia sentensi moja tu: "Dada, na wewe ulikuwepo."

Hapo sasa ndo nikaanza kukumbuka mambo.

Mwaka 2014 mdogo wangu anayenifuata mimi aliolewa na Mholanzi. Kijana mrefu, mpole, amekuja kwenye mradi wa maji. Siku aliyokuja kujitambulisha, mjomba huyu huyu, kwenye kochi hili hili, alimuuliza swali moja zito: "Je, unakula ugali?" Akajibu anakula, watu wakapiga makofi. Baada ya hapo mjomba alitangaza mtaa mzima hadi Tegeta kwamba mkwe wetu ni ekspati. Neno lenyewe alikuwa amelisikia wiki hiyo hiyo, lakini alilitamka kama cheo cha jeshi.

Siri ambayo mjomba hakuijua, na mimi niliijua: siku ile Mholanzi wetu kibali chake cha ukaazi kilikuwa kimekwisha muda miezi minne iliyopita. Alisahau tu. Akaja kuhangaikia karatasi baadaye. Yaani kati ya mashemeji wawili, aliyeulizwa vibali ni Mtanzania, na aliyekuwa hana vibali aliulizwa kuhusu ugali!

Hivi tofauti ya ekspati na mhamiaji ni nini hasa? Nilijiuliza usiku ule mpaka nikakosa usingizi.

Tuanze na maneno yenyewe. Ekspati linatokana na Kilatini, maana yake ni mtu aliye nje ya nchi ya baba yake. Mhamiaji ni mtu aliyehama kwao akahamia pengine. Ukiyaweka kwenye mizani, kitu ni kile kile. Umoja wa Mataifa katika takwimu zake unamhesabu yeyote anayehamisha makazi yake ya kawaida kwenda nchi nyingine kwa angalau mwaka mmoja kuwa ni mhamiaji wa muda mrefu. Haujali kama anakaa Masaki au Manzese.

Na sheria zetu je? Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995 inamjua raia na asiye raia, basi. Asiye raia anaomba kibali cha ukaazi: daraja A kwa mwekezaji na anayejiajiri, daraja B kwa aliyeajiriwa, na daraja C kwa wengine kama wanafunzi, watafiti na wamisionari. Tena tangu mwaka 2015 kuna sheria ya ajira za wageni, inayomtaka mwajiri aonyeshe mpango wa kumrithisha Mtanzania kazi ile. Na ofisi wanakokwenda wote inaitwaje? Uhamiaji! Hakuna dirisha la maekspati na dirisha la wahamiaji. Neno ekspati tunalo sisi wenyewe mdomoni, na tunaligawa tunavyotaka.

Na tunaligawaje? Wengine mtasema ni rangi tu. Rangi ipo, sikatai. Lakini mtazame Mchina. Mwenye kiwanda tunamwita mwekezaji, tunampisha kiti. Mwenye kiduka Kariakoo tunauliza kaingiaje nchini. Rangi ni ile ile, mfuko ndo tofauti. Mnakumbuka Julai 2025 serikali ilipotoa amri ya kuzuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo ufundi wa simu, uwakala wa fedha kwa simu na saluni? Amri ilisema "asiye raia". Lakini kule ninakosukia nywele, mtu wa kwanza kunyooshewa kidole alikuwa dada wa Kikongo anayesuka kwa kuajiriwa, ambaye wala saluni si yake. Hakuna aliyemfikiria Mholanzi wangu, ambaye Jumapili huwa anauza asali yake kwa marafiki kule Msasani!

Hili la majina mimi nililionja, ndo maana aibu ilinishika zaidi. Kati ya mwaka 2004 na 2008 nilikuwa Uingereza. Wa zamani mnajua tulivyoitwa: wabeba boksi. Mimi sikubeba boksi, nililea wazee kwenye nyumba moja ya kutunzia wazee. Zamu yangu nilikuwa na binti wa Australia. Kazi moja, mshahara mmoja, karatasi zote mbili zina tarehe ya kwisha. Yeye aliulizwa, "Unafurahia safari yako?" Mimi niliulizwa, "Utarudi lini kwenu?"

Aliyeniuliza zaidi ni bibi mmoja niliyekuwa nikimwogesha kila asubuhi. Cha ajabu, ujana wake aliuishi Tanga! Mumewe alikuwa msimamizi kwenye shamba la mkonge enzi za Mwingereza. Alikumbuka "jambo" na "chai" na "upesi upesi". Asubuhi moja nilichoka, nikamuuliza: "Na wewe bibi, kule Tanga ulikuwa mhamiaji?" Akacheka kwa mshangao wa kweli. "La hasha, mwanangu. Sisi tulipelekwa na kazi."

Sasa sikilizeni. Babu yangu mzaa baba naye alipelekwa Tanga na kazi. Alitoka Songea kwenda kukata mkonge, kama walivyofanya Wangoni wengi wa wakati wake. Alikuwa na mkataba. Alikuwa na muda wa kuanza na muda wa kumaliza. Alisafiri mbali na nchi ya baba yake kuliko alivyowahi kufikiri. Sifa zote za ekspati anazo! Lakini yeye alipewa namba, na yeye na wenzake wakaitwa manamba. Inawezekana kabisa alikata mkonge wa mume wa bibi yule niliyekuja kumwogesha mimi. Wote watatu tulifuata kazi ugenini. Jina zuri alipata mmoja tu.

Jina si kitu kidogo, wapenzi. Kuna wilaya moja pale Dodoma inaitwa Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walikuja pale na matrekta kulima karanga. Mvua haikutosha, udongo ulikuwa mgumu kama hii saruji yetu, na mwaka 1951 mpango ukafutwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Mpaka leo vitabu vinawaita wataalamu. Miaka zaidi ya 60 baadaye, Juni 2012, katika wilaya hiyo hiyo ya Kongwa, ilikutwa miili ya zaidi ya vijana 40 kutoka Ethiopia. Walikosa hewa ndani ya lori, wakiwa safarini kutafuta maisha kusini mwa Afrika. Siku ile redio zilisema "wahamiaji haramu". Mimi mwenyewe nilisikia, nikageuza stesheni nikatafuta muziki. Ndiyo kazi ya jina baya hiyo: linakufanya ugeuze stesheni.

Basi, Jumatatu nikamfuata shemeji mtarajiwa dukani kwake. Ni fundi umeme, ana fremu yake Tegeta na kijana mmoja aliyemwajiri. Nilikwenda kuomba radhi, lakini nilipofika maneno yakanikauka, nikaanza kuulizia bei ya taa. Akacheka. Akavuta kiti, akasema, "Kaa dada, najua hujafuata taa."

Akanisimulia. Babu na bibi yake walikimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972, mama yake akiwa mtoto wa mgongoni. Serikali yetu ikawapeleka Katumba, wengine Ulyankulu, na baadaye Mishamo. Ilikuwa pori la miombo. Wakapewa ardhi, wakapewa majembe. Si tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe? Hawa walipewa jembe hasa, si la methali! Na walilima: kufikia miaka ya 1980 makazi yale yalikuwa yanajilisha yenyewe na ziada inauzwa. Mwalimu Nyerere mwaka 1983 alipewa tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa kwa jinsi nchi hii ilivyowapokea wakimbizi. Kisha mwaka 2010 Tanzania ikakubali kuwapa uraia watu zaidi ya 162,000 kati ya hao wa 1972 na watoto wao, na vyeti vikaanza kugawiwa mwaka 2014. Nchi chache sana duniani zimewahi kufanya jambo kubwa kiasi hicho kwa mara moja. Hii ni sifa yetu, jamani, na wala hatuisimulii!

Shemeji akatoa waleti. Ndani kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, kingo zimeanza kuchanika. Kopi ya cheti cha uraia wa tajnisi.

"Watu wengine wanaweka picha ya mchumba kwenye waleti," akaniambia. "Mimi naweka hii. Ya kwanza ilichakaa, hii ni kopi ya tatu. Barabarani nimeitoa, kwenye kupanga nyumba nimeitoa. Ila dada, sikujua kama nitaitoa na kwenye posa."

Akanyamaza kidogo, akaongeza: "Kaburi la babu yangu liko Katumba. La bibi liko Katumba. Nikiambiwa nirudi kwetu, nitapanda basi la Mpanda."

Nikamwomba radhi. Si kwa niaba ya mjomba, ya mjomba angesema mwenyewe. Nilimwomba radhi kwa ajili ya lile jagi la juisi.

Kikao cha pili kilikaa baada ya wiki mbili. Safari hii nilimwomba mama ruhusa ya kusema kabla wazee hawajaanza, na nikahakikisha yule Mholanzi wetu na mkewe nao wapo. Nikapiga goti kwa mjomba, shikamoo, marahaba, nikaanza taratibu.

"Mjomba, naomba unikumbushe historia. Sisi Wangoni asili yetu wapi?"

Hapo nilimgusa mzee panapomwasha. Akajiweka sawa kwenye kochi. "Sisi? Sisi tumetoka Afrika Kusini! Babu zetu wa Zwangendaba walivuka mto Zambezi mwaka 1835, ng'ombe mbele, mikuki nyuma. Hakuna aliyetuzuia!"

"Ahsante mjomba. Na walipofika Songea, nani aliwaandikia vibali?"

Msomaji, kilipita kimya ambacho niliogopa kwamba nimeharibu posa ya mdogo wangu moja kwa moja. Mama akashika shavu. Halafu bega la mjomba likaanza kutikisika. Mzee anacheka! Alicheka mpaka miwani ikaanguka, akasema, "Mtoto huyu ana mdomo kama marehemu baba yake." Kisha akamgeukia Mholanzi wetu, akamuuliza kwa Kiswahili kilichonyooka: "Na wewe mkwe, kwani wewe una vibali?"

Mholanzi akawa mwekundu kama nyanya. "Sasa hivi ninavyo, mjomba. Wakati ule... nilikuwa sina." Akaongeza kitu ambacho sikukitegemea. Alisema tangu aje Tanzania, mtaani hakuna aliyewahi kumuuliza, na siku nyingine hilo humwumiza. Watu hawamuulizi kwa sababu wote wana hakika kwamba ataondoka. Miaka zaidi ya kumi, watoto wawili wamezaliwa hapa, na bado anaulizwa likizo yake inaisha lini. Kumbe na lile jina tamu lina mfupa ndani yake! Ekspati ni mgeni ambaye hapewi jembe hata siku ya mia.

Siwezi kuwadanganya kwamba mjomba amebadilika ghafla. Alipokubali posa alisema, "Basi, lakini cheti nitakiona halisi, siyo kopi." Shemeji akakileta halisi siku ya mahari. Mdogo wangu alikasirika, shemeji akamtuliza. Mimi nilimwomba mjomba kitu kimoja tu, amwombe kijana samahani. Hakusema samahani. Ila alimpisha kiti chake karibu na feni, na wanaomjua mzee yule wanajua uzito wa jambo hilo. Kama linatosha au halitoshi, aamue aliyekalishwa. Mimi naona bado kuna deni.

Sasa tuongee wenyewe kwa wenyewe, kina dada na kina kaka mnaosoma hapa.

Kwanza, sijasema msiulize. Ulizeni! Ndoa si mchezo. Lakini swali likiwepo liwe la wote. Kama wa Bujumbura anaulizwa karatasi, wa Amsterdam naye aulizwe. Kama wa Amsterdam anaulizwa ugali, wa Bujumbura naye akaribishwe mezani. Wapo dada zetu waliolia kwa sababu mume alikuwa na mke mwingine kwao Ulaya na hakuna aliyethubutu kumchunguza, eti ni ekspati.

Pili, ijueni sheria kabla ya sherehe. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 ilimpa mke mgeni wa Mtanzania njia ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa, lakini mume mgeni wa Mtanzania hakupewa njia hiyo. Kwa hiyo dada, ukiolewa na mgeni, awe wa rangi yoyote, cheti cha ndoa peke yake hakimgeuzi kuwa raia. Kaeni pamoja muulize Uhamiaji mapema, siyo karatasi ikishakwisha muda kama ya shemeji yangu.

Tatu, mtu mwenye uraia wa tajnisi ni Mtanzania. Humuoi wala huolewi na mkimbizi, mhamiaji wala mgeni. Ukimuuliza vibali unamuuliza mwenye nyumba kama amelipa kodi ya pango.

Nne, na hili ni langu mwenyewe: ukiwepo mahali mtu anapodhalilishwa kwa jina la alikotoka, weka jagi chini. Hata ukitetemeka, sema kitu. Mimi nilikaa Uingereza miaka minne nikisubiri mtu mmoja tu kwenye chumba kile cha chai amwambie yule bibi, "Muache, huyu ni mwenzetu." Hakutokea. Halafu zamu yangu ilipofika, sebuleni kwetu wenyewe, nilimimina juisi.

Harusi ni baada ya Pasaka. Shangazi zangu wameshaanza kubishana kuhusu sare, na Mholanzi amejipa kazi ya kusimamia muziki, Mungu atusaidie. Shemeji fundi yeye ameshapita nyumbani kurekebisha soketi ya sebuleni iliyokuwa inarusha cheche tangu enzi za marehemu baba. Mjomba alimshikia tochi.

Mwezi ujao, kama hakuna posa nyingine, tutarudi kwa wale wapiga danadana. Mpaka wakati huo, mbaki salama na mpendane.